Fundi Ameridhia

Mwanangu Alinda,

Sikuulizi hali. Asubuhi nimekuacha ukifunga begi kwa kamba ya katani kwa sababu zipu imekataa, na ukanicheka nilipokuuliza kwa mara ya tatu kama tiketi unayo. Kwa hiyo najua u mzima, na wewe unajua kuwa mimi sijatulia. Saa hizi uko Isingiro kwa bibi yako, unaaga. Wenzangu wa masjala wameshatoka, nimebaki na majalada na dirisha linaloangalia stendi ya Kayanga. Basi lako la Arusha ni kesho alfajiri.

Barua hii nimeianza mara tatu. Mara mbili nilijikuta nimeandika "Yah:" juu ya karatasi na kupiga mstari chini yake kwa rula. Miaka kumi na mitatu ya ukarani ndiyo imenifanya hivyo. Karatasi hizo nimezichana. Hii nitaiandika bila rula.

Sitaandika habari za sabuni, wala blanketi, wala nani umpigie ukifika. Hayo nimekuambia mpaka umechoka. Nina jambo moja tu, na nimelibeba tangu ulipokuwa na miaka mitano.

Jumapili watu walipokuja kukuaga, kwa kuwa unakwenda kusomea kazi ya kupuliza kioo, jirani yetu Ma Elizabeti alikutania kwamba msichana atapulizaje moto, midomo si itaungua. Ulimjibu vizuri, kwamba anayepuliza hapulizi moto, anapuliza pumzi, na bomba ni refu kuliko ulimi wa Ma Elizabeti. Hata yeye alicheka. Kisha akasema mjomba wako Deusi naye alianza na moto mwingi hivyo hivyo, mwisho akauacha. Hapo ndipo ulipoweka kikombe chini ukasema, "Mjomba walimvunjia dirisha na yeye akaridhia. Mimi hata waje na nyundo, sitaridhia."

Wakakupigia makofi. Mimi nilikwenda jikoni kuangalia maharage ambayo yalikuwa yameiva tangu saa sita.

Alinda, mjomba wako hakuridhia. Niliyeandika kwamba ameridhia ni mimi.

Nitakueleza toka mwanzo, kwa sababu nikianza katikati nitajitetea.

Deusi alikuwa kaka yangu wa pekee, alinizidi miaka kumi. Babu yako alimtaka achunge ng'ombe, na kwa kweli alichunga vizuri, ila alikuwa na tabia ya kuokota vipande vya chupa njiani na kuviangalia kwenye jua, mara nyingine ng'ombe wakaingia shamba la mtu. Alipofika miaka ishirini aliondoka kwenda Dar es Salaam kutafuta kibarua. Akapata cha kufagia kwenye karakana ya mzee mmoja aliyeyeyusha chupa kuukuu na kuzipuliza upya. Alifagia mwaka mzima. Halafu siku moja mpulizaji mmoja hakuja kazini, mzee akampa bomba.

Alirudi baada ya miaka saba, na bomba hilo limefungwa ndani ya blanketi. Hapo hapo stendi ninapopaangalia, askari alimsimamisha, maana chuma kirefu ndani ya blanketi, na sisi tuko karibu na mpaka, unajua kilivyoonekana. Askari aliuliza ni kitu gani. Deusi akasema ni cha kupulizia. Kupulizia nini? Chupa. Askari akamwita mwenzake aje asikie naye. Walimweka mpaka jioni, na walipomwachia mmoja wao alimwomba siku akipuliza amwite.

Alijenga tanuru nyuma ya nyumba ya bibi yako. Oili chafu ya kuwashia aliichukua gereji za Kayanga, upepo ulitoka kwenye feni ya lori bovu. Majirani walimpitia kila siku. "Deusi, wenzio tunapika ndizi, wewe unapika chupa. Zikiiva utuite." Naye aliwaita kweli. Walikuja wakasimama mbali, na alipotoa lile donge jekundu kwenye ncha ya bomba na kulipuliza likavimba, mama mmoja alifunika uso kwa khanga.

Wewe ulizaliwa miaka hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetoka kidato cha nne, na baba yako alikuwa ameshahamia kwingine. Nyumbani walisema masomo yameishia hapo. Deusi alisema hayajaishia. Alinirudisha shule nikasoma mpaka kidato cha sita, na wewe ukabaki na bibi, mchana ukilala kwenye mkeka karibu na tanuru, nyuma ya mstari aliouchora kwa chokaa ili usiuvuke. Kila daftari nililoandikia lilitoka kwenye moto ule. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine.

Nilipomaliza shule nikawa mwandishi wake. Yeye Kiswahili cha kuandika kilimpa shida, mwandiko wake ulikuwa kama njia ya kuku. Nilimwandikia barua kwa mapadri na wachungaji, kwamba kuna fundi hapa anayeweza kuwatengenezea madirisha ya vioo vya rangi. Alipuliza visahani, vingine vinene kama mkate, akavipanga na vipande vingine ndani ya zege nyembamba yenye nondo. Jua likipita ungedhani ukuta unavuja rangi. Kijani na kahawia alivipata tele, kutoka kwenye chupa za bia na soda. Buluu ilikuwa ya shida, aliitafuta kwenye chupa za dawa. Nyekundu hakuwahi kuipata maisha yake yote. Alinifundisha pia kwamba chupa za kiwanda hiki huwezi kuziyeyusha na za kiwanda kile. Kila kioo husinyaa kwa kiasi chake kikipoa, na unaweza kuweka kikombe kizima juu ya meza, kesho kutwa kikapasuka chenyewe, hakuna aliyekigusa. Utayajua hayo kuliko mimi. Nayaandika tu kwa sababu ninasikia sauti yake ninapoyaandika.

Kisha ikaja kazi ya kanisa jipya la kigango. Jina silitaji, unalijua. Walitaka dirisha kubwa nyuma ya altare, harusi ya Kana, pale Yesu alipogeuza maji kuwa divai. Mimi wakati huo nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Nilikuwa mdogo kuliko wajumbe wote, walinichagua kwa ajili ya mwandiko. Deusi alifanya kazi ile karibu mwaka mzima. Alipoiinua ukutani na kuondoa maturubai, mimi nilikuwepo, na wewe ulikuwa mgongoni kwangu ingawa ulikuwa umeshakuwa mkubwa mno wa kubebwa. Ulinyoosha mkono ukasema, "Kwetu." Sijui kama unakumbuka.

Ilikuwa kwetu kweli. Maji hayakuwa kwenye mitungi ya kizungu. Yalikuwa kwenye ule mtumbwi wa mti tunaokamulia ndizi za pombe, na nyasi zake pembeni. Divai ilikuwa ya kahawia, kwa sababu nyekundu hakuwa nayo. Na kulia kwa bwana harusi, kwenye kiti cha mbele, alikaa Zakaria.

Zakaria humjui. Alikuwa kibarua, wazazi wake walitoka Burundi, na mawe ya kanisa lile yalipanda kilima juu ya kichwa chake. Deusi alimweka uso wake vile vile, na kovu la shavuni, na kikombe mkononi. Unajua kwenye harusi zetu viti vya mbele ni vya nani: wakwe, washenga, wazee wa ukoo. Mtu akikosea kiti hapo, maneno hayaishi mwaka mzima.

Kamati ikaitisha kikao. Deusi hakualikwa. Asubuhi ya siku hiyo alinisindikiza mpaka njia panda, mikono imejaa masizi, akanipa ujumbe. Alisema amesikia wanalalamika kuhusu pombe. "Waambie chombo nitakibadilisha, wanipe wiki mbili. Lakini Zakaria nimemkalisha, simwinui." Alinifanya nirudie maneno hayo, kama mtoto anayetumwa dukani. Nikayarudia sawasawa.

Kwenye kikao walizungumzia pombe tu. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu aliyeheshimika, aliuliza kama tunataka kupiga magoti mbele ya mtumbwi wa rubisi na chupa za bia. Watu wakacheka. Hakuna aliyetaja kiti, na kila mmoja alijua kuwa kinachouma ni kiti. Mjane mmoja tu alisema kwamba yeye linampendeza, akaulizwa kama anapendezwa na picha au na kinywaji, akaketi. Halafu mwenyekiti akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Katibu, fundi ni kaka yako. Ana neno?"

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipo. Mwezi ule nilikuwa nimeomba kazi hii ya ukarani. Walitaka barua ya mdhamini, mtu wa heshima asiye ndugu, na nilikuwa nimempelekea mwenyekiti barua hiyo aisaini. Ilikuwa mezani pale, chini ya kipochi cha miwani yake. Hakuigusa. Hakuitazama. Hakunitisha, wala hakuna mtu aliyenitisha, na kwa miaka mingi nimetamani angenitisha ili niwe na la kusema. Niliona tu kona ya ile karatasi. Ujumbe wa Deusi ulikuwa kichwani wote, neno kwa neno.

Nikasema, "Hana neno."

Ni hivyo tu. Jibu la kweli lilikuwa refu, na la uongo lilikuwa na maneno mawili.

Kisha nikaandika muhtasari. Niliuandika vizuri, Alinda. Nimejifunza kuhusu mwandiko wangu kwamba hupendeza zaidi ninapoogopa. Niliandika: "Fundi ameridhia dirisha liondolewe, na hana dai wala neno." Nikapiga mstari chini, nikasaini. Mwenyekiti naye akasaini muhtasari, na kabla hajafunga kalamu akasaini na barua yangu.

Nilijiambia nitamwahi Deusi jioni, nimweleze, aende mwenyewe kuongea nao. Jioni nilijiambia nitamweleza kesho. Kesho yake aliamkia Kayanga kufuata oili, na wao waliamkia kanisani. Dirisha lile lilikuwa ndani ya zege, halikuweza kutoka zima. Nyundo walimpa Zakaria kwa sababu ndiye aliyekuwa kibarua wao. Walionisimulia wanasema alianza pembeni, akavunja majani, akavunja mtumbwi, akavunja wageni wote, na alipofika kwenye kiti cha mbele alishuka ngazi akaomba mtu mwingine amalizie. Baadaye alihama, sikumwona tena. Na yeye pia nilimkosea. Naye yumo katika barua hii.

Deusi alirudi na dumu la oili nyuma ya bodaboda akakuta tundu ukutani. Alipouliza, walimwonyesha muhtasari. Aliusoma mwenyewe, polepole, kidole juu ya mstari. Mwandiko aliujua, ndio ulioandika barua zake zote.

Alikuja nyumbani jua likiwa linazama. Nilikuwa nakuogesha uani. Alisimama mlangoni akaomba maji ya kunywa, nikampa, akanywa yote. Kisha akauliza swali moja.

"Ile barua yako ya kazi, ameisaini?"

Nikasema amesaini.

"Basi," akasema. "Kaanze kazi."

Akarudisha kikombe. Hakuna siku nyingine aliyolizungumza. Na watu walipomuuliza imekuwaje avunjiwe jasho la mwaka mzima naye anaangalia tu, alijibu, "Niliridhia." Alisema hivyo kwa mama yetu. Alisema hivyo kwa padri. Alichukua neno langu akaliweka mdomoni mwake, ili mimi nisiulizwe.

Lakini neno lile lilimmaliza. Kanisa moja upande wa Karagwe lilikuwa limeshakubaliana naye, likasita, likasema kama fundi mwenyewe ameona kazi yake haifai, sisi ni nani. La pili likasema vivyo hivyo. Aliendelea na vikombe kwa muda, kisha feni ikaungua, hakununua nyingine. Nyasi ziliota ndani ya tanuru. Yeye ambaye alikataa ng'ombe wa baba yake akawa anachunga ng'ombe wa watu kwenye mbuga, amevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Wewe ulimfahamu akiwa hivyo. Ulipomuuliza kwa nini aliacha kioo, alikuambia macho yamechoka. Macho yake yalikuwa mazima. Mpaka mwisho aliweza kumjua ng'ombe wa mtu kutoka kilima cha pili.

Hata hivyo ni yeye aliyekufundisha. Nilikuwa nawaona mkikaa kwenye kizingiti, akichukua unga wa ugali uliokandwa akiuzungusha kwenye fimbo ya kuchungia, akikuonyesha jinsi mkono usivyosimama, kwamba ukiuacha usimame donge linaanguka. Niliwaona nikapita. Nilisema moyoni ni mchezo tu, utaacha ukikua. Nilitaka uache. Niliogopa kwamba ukiingia kwenye kazi ile siku moja utauliza maswali ya kazi, na mtu atakujibu.

Alipougua kifua nilikwenda kukaa naye. Siku moja tulibaki wawili, nikaanza, "Deusi, ule muhtasari." Alifungua macho akaniuliza kama Alinda amekula. Nikasema amekula. Akasema vizuri. Nikaishia hapo, Alinda. Nilifurahi kuzuiwa, na nimejichukia kwa furaha ile kuliko hata kwa kikao.

Na sasa jambo ambalo ni gumu kuliko yote, kwa sababu linakuhusu wewe.

Alipofariki, familia iliniambia niandike wasifu wa marehemu, maana mimi ndiye karani wa ukoo. Niliandika alipozaliwa, aliposoma, alivyokwenda Dar. Nilipofika kwenye dirisha nilikaa na kalamu muda mrefu. Kaburi lilikuwa linachimbwa, wanaume nawasikia, wanawake wanaimba. Yeye mwenyewe hakuwa wa kuumizwa tena wala wa kunilinda. Kama kuna wakati ningeweza, ulikuwa ule. Niliandika: "Baadaye aliacha kazi ya kioo kwa hiari yake." Kisha sauti yangu ikakataa kusoma, nikakupa wewe usome mbele ya watu. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulisoma kwa sauti nzuri, bila kukwama, ukamzika mjomba wako na uongo wangu mdomoni mwako. Ndiyo maana Jumapili ulisema ulivyosema. Uliyarudia niliyokupa.

Nisamehe kwa hilo kwanza, kabla ya dirisha. Au usinisamehe, lakini lijue.

Sina la kukufundisha kuhusu kioo. Ninachokijua ni woga, na huo naujua kama yeye alivyoujua moto. Sikwambii usiogope. Utaogopa. Kule Arusha kuna watu watakaokupenda, kuna mwalimu utakayemtaka akusifie, kuna karatasi ambayo utaihitaji sana siku fulani iwe na saini ya mtu. Siku hiyo mtu atakuuliza jambo kwa sauti ya upole, mbele ya wengine, na jibu fupi litakuwa tayari kwenye ulimi wako, limenyooka, limepambwa. Mimi nilidhani siku ya namna hiyo itakuja na kelele, nitaijua. Ilikuja saa nne asubuhi, tukiwa tumemaliza kunywa chai.

Na ukishasema, kama utasema, rudi jioni ile ile. Hilo ndilo ningelifanya tofauti kuliko yote. Si kwamba ningekuwa jasiri kwenye kikao, maana sijui kama ningeweza, najijua. Lakini kutoka kikaoni mpaka kwa Deusi ni mwendo wa kutembea, na nilikuwa na jioni nzima. Dirisha lilikuwa bado limesimama.

Ulimbeza mjomba wako Jumapili, na sikuvumilia. Ukifika huko wakakuuliza nani alikuwa wa kwanza kukuonyesha kazi hii, usimtaje kama mtu aliyeshindwa. Alikuwa fundi aliyesema simwinui, na dada yake hakufikisha.

Sijui kama nitaweza kusimama kanisani na kuyasema haya. Mwenyekiti alishakufa, kitabu cha mihtasari kipo, na mimi ndiye ninayejua ukurasa. Sikupi ahadi. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiye ninayeogopa zaidi kumpoteza, na nimechoka kuanza na wale nisiowaogopa.

Nilifikiri kuiweka barua hii chini ya nguo zako uisome ukiwa mbali, Singida huko, mimi nisikuone. Hata bahasha niliitafuta. Kisha nikaona kwamba huo ni mwandiko wangu wa siku zote. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo, kabla ya kula, ukirudi hapa nyumbani kwetu Ndama. Nitaketi kwenye kigoda mbele yako, sitakwenda jikoni, hata kitu kikiungua.

Sasa umefika hapa. Inua macho, mwanangu, uniulize unachotaka. Nitajibu kwa urefu wake.

Mama yako